Kutafuta na Kuainisha Protisti Wasiojulikana: Kutoka Tone la Maji hadi Jina la Kisayansi

Neno "protisti" ni kapu tu. Ndani yake wametupiwa viumbe wote ambao seli yao ina kiini lakini si wanyama, si mimea, si kuvu: amiba, diatomu, euglena, vimelea vya malaria, na flajelata (wenye mijeledi ya kuogelea) wadogo wanaozunguka katika maji ya dimbwi. Hawatoki katika ukoo mmoja. Amiba na diatomu wameachana mbali kuliko binadamu na uyoga. Kwa hiyo anayekutana na protisti asiyejulikana huenda ameongeza spishi moja kwenye jenasi iliyojaa, au huenda ameshika tawi zima ambalo halikuwamo katika mti wa uhai. Hemimastigophora walijulikana kwa sura tangu zamani, wakapewa faila (kundi kuu la uainishaji) yao mwaka 1988, lakini ndugu zao hawakujulikana. Mwaka 2018 seli zilizotoka katika udongo wa Nova Scotia, Kanada, zilisomwa jeni, ikaonekana hawana ndugu wa karibu hata mmoja. Provora, wawindaji wadogo wanaokula protisti wenzao, walitangazwa 2022. Ancoracysta, ambaye sasa anahesabiwa humo, alitoka kwenye tangi la kufugia matumbawe na kuelezwa 2017.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye hadubini nzuri na anayeweza kufikia mashine ya PCR (ya kunakili DNA), hata ya kuazima. Kanuni moja inabeba yote yanayofuata: sura na DNA ziwe za seli ileile, au za uzao wa seli ileile. Picha bila DNA haiwekeki kwenye mti, na DNA bila picha haina mwenyewe. Karibu kila kosa litakalotajwa hapa ni njia mojawapo ya kuukata uzi huo.

Sampuli

Hakuna haja ya kwenda kilindini. Udongo wa juu, tope la ukingoni, povu la ufukweni, maji yaliyonasa kwenye majani na mchanga wa ufuo bado vina wageni. Malawimonas, flajelata aliyesumbua wanaochora mti wa yukarioti (viumbe ambao seli yao ina kiini), jina lake limetokana na Malawi, na alielezwa 1999 tu.

Maji yatie kwenye chupa au tyubu ya mililita 50, uijaze nusu ili hewa ibaki. Tope lichukue sentimita 1 hadi 2 za juu, hapo ndipo kuna oksijeni na bakteria wa kuliwa. Ukitaka wale wasiopenda oksijeni, fanya kinyume: chota tope jeusi linalonuka mayai viza, jaza chupa hadi mdomoni bila kuacha kiputo, na ufunge ukiwa bado mahali pale. Chupa hiyo ikibaki nusu tupu, ulichotafuta kitakufa njiani, na utakachokuta kikiogelea ni wale wa kawaida.

Udongo uchote sentimita 5 za juu pamoja na majani yanayooza na vijizizi, gramu 200 hadi 500. Utandaze kivulini ukauke kwa hewa, angalau mwezi mmoja. Kukausha kunaua walio laini, lakini kunawalazimisha wengi kujifunga ndani ya sisti, yaani ganda gumu la kungojea maji. Ukiulowesha tena baadaye, wanafunguka karibu wakati mmoja, na hapo ndipo wale adimu wanapoonekana.

Kila sampuli igawe mara tatu papo hapo: sehemu ya kubaki hai, sehemu ya kuhifadhiwa kwa picha, sehemu ya DNA. Ya DNA weka kwenye ethanoli ya asilimia 96 au igandishe. Ya picha weka Lugol (myeyusho wa iodini) hadi maji yawe na rangi ya chai nyepesi. Usitumie ya Lugol kwa PCR ukitarajia mambo mepesi, kwa sababu iodini inaiharibu kazi, na sampuli iliyohifadhiwa kwa glutaraldehaidi usiiguse kabisa kwa DNA. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi unayeyuka kwenye ethanoli: tarehe, majira ya ramani, kina, joto, pH, chumvi. Chupa ya walio hai iepushe na jua la dirisha la gari. Friji pia ni hatari kwa walotoka maji ya vuguvugu.

Kuhusu vibali: Itifaki ya Nagoya imekuwa ikifanya kazi tangu Oktoba 2014, na nchi nyingi zinadai ruhusa kabla sampuli za kijenetiki hazijavuka mpaka. Pata karatasi kwanza. Majarida huiomba, na hazina za kalcha (viumbe wanaooteshwa maabarani) hukataa kupokea kiumbe asiye na asili iliyothibitishwa.

Kisahani kisichofurika

Kwa udongo, njia inayozaa kuliko zote ni ile ya kisahani kilicholoweshwa bila kufurika. Weka gramu 50 au zaidi za udongo mkavu kwenye kisahani cha petri chenye upana wa sentimita 12 hadi 15, unene wa takriban sentimita 1. Mimina maji yaliyochemshwa na kupoa (au yaliyotiwa hewa, bila madini mengi) polepole hadi udongo ushibe. Ukikiinamisha kisahani na kuukandamiza udongo kidogo kwa kidole, yadondoke mililita 5 hadi 20. Maji yakisimama juu kama bwawa, umezidisha: oksijeni itaisha chini na kisahani kitanuka.

Sasa kaa na ratiba. Kagua siku ya 2, 7, 14, 21 na 28, kila mara ukiinamisha kisahani, ukichukua matone machache ya maji yaliyokusanyika. Siku ya 2 utakuta Colpoda, siliata (protisti mwenye vijinywele vya kuogelea) wa umbo la figo, wamejaa na kukimbia kama wamechelewa kitu. Hao ni wapesi wa kufunguka na kugawanyika. Kufikia siku ya 7 wamepungua na kuna flajelata wa kuteleza, cercomonasi wanaovuta mkia, amiba wadogo wa mikrometa 10. Wale wasio na jina mara nyingi huja baada ya wiki ya pili, wachache, wavivu, wakati msosi wa bakteria umepungua na mwindaji wa protisti ana cha kuwinda. Wengi hutupa visahani siku ya 10 kwa sababu "havina kitu tena". Acha vikae. Ongeza maji tu yanapokauka.

Kwa maji, tumia chupa ya kalcha ya sentimita mraba 25, mililita 10 hadi 15 za sampuli, na punje moja ya mchele au ngano iliyochemshwa. Punje moja. Ukitia tatu, bakteria wataota hadi maji yawe maziwa, oksijeni itaisha, na protisti watakaosalia ni wale wanaostahimili kila uchafu. Kwa maji ya bahari, hakikisha chumvi ya maji ya kuongezea inalingana na ya sampuli. Tofauti ya gramu 10 kwa lita inatosha kupasua seli laini. Diatomu wakianza kutawala, dioksidi ya jerimani kwa kiasi cha miligramu 1 hadi 10 kwa lita huwazuia, kwa kuwa inawavuruga katika kujenga ganda la silika. Ipime kwanza kwenye chupa ya majaribio.

Hadubini

Flajelata wengi wasiojulikana wana urefu wa mikrometa 3 hadi 15. Hadubini ya mwanga hutenganisha vitu vilivyo mbali kwa takriban mikrometa 0.2 tu, kwa hiyo huwezi kuona kila kitu, lakini unaona vingi ukitumia mwanga wa kontrasti ya awamu au wa mwingiliano wa utofautishi, lenzi ya mafuta ya 100× yenye NA (kipimo cha uwezo wa kukusanya mwanga) ya 1.3 hadi 1.4, na kioo cha kufunikia chenye unene wa milimita 0.17. Kioo kinene zaidi kitaipofusha lenzi hiyo, hata kama ni ya gharama.

Tone liwe dogo, mikrolita 10 kwa kioo cha milimita 18. Kingo zizibwe kwa mchanganyiko wa vaselini, lanolini na nta ya mshumaa (parafini) kwa viwango sawa, ukiyeyushwa na kupakwa kwa brashi. Bila hivyo tone linakauka kwa dakika tano, chumvi inapanda na seli zinasinyaa au kujikunja, nawe unaandika umbo la seli inayokufa. Pima kwanza, minya baadaye: vuta maji ukingoni kwa karatasi ya chujio ili kioo kishuke na seli itulie, lakini vipimo vya ukubwa viwe vimeshachukuliwa. Pima seli 30, siyo 5. Kipimio cha hadubini kikaguliwe kwa slaidi ya mizani yenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100.

Rekodi video kabla ya kuchora. Idadi ya mijeledi ni rahisi kukosea, maana mjeledi unaopigwa mara 20 hadi 50 kwa sekunde, kwa kamera ya fremu 30, huonekana kama ukungu au unadhaniwa mmoja ilhali ni miwili. Fremu 200 kwa sekunde zinatosha kwa wengi. Katika daftari andika: mijeledi mingapi, ipo wapi, urefu wake kulinganisha na urefu wa seli, inaogelea, inateleza au inazunguka, kuna mfereji tumboni, kuna kivakuoli (kifuko cha kutoa maji) kinachobana kila baada ya sekunde ngapi, chakula kinaingia wapi, inatoa miguu bandia ya aina ipi (kama uzi, kama kidole, yenye matawi), sisti ina umbo gani. Kiini kiko mbele au katikati. Vitu vinavyong'aa chini ya ngozi ya seli vikichomoka ghafla, pengine ni vitupio, silaha ndogo zinazorushwa kwa mawindo, na hivyo vina thamani kubwa kwa ainisho.

Tazama pia kile ambacho seli *inakula*. Mlaji wa bakteria na mlaji wa protisti wenzake wanataka kalcha tofauti kabisa, na kuchelewa kuligundua hilo ndiko kunakoua kalcha nyingi za wawindaji: mawindo yanakwisha, na siku mbili baadaye kalcha ni maji matupu.

Kutenga seli moja

Chombo ni pipeti ya kioo uliyoivuta mwenyewe. Shika pipeti ya Pasteur juu ya moto hadi kioo kilegee na kiwe chekundu, iondoe motoni, *kisha* vuta kwa mkono thabiti. Ukivuta ikiwa bado ndani ya moto, ncha inafungika au inakuwa uzi usio na tundu. Vunja ncha ipatikane upana mara mbili au tatu ya seli unayoitaka. Ncha pana inachota majirani, na nyembamba mno inachana seli.

Kabla hujagusa tone, jaza ncha kwa midia (maji ya kuoteshea) safi kidogo. Bila hilo maji yanakimbilia ndani yenyewe, na utachota mikrolita nzima ya majirani. Kwa hadubini ya kinyume, yaani yenye lenzi chini ya kisahani, ukitumia lenzi ya 10× au 20×, fuata seli, karibisha ncha kutoka nyuma yake (wengi huhisi mkondo unaotoka mbele), na ulegeze shinikizo kwa kiasi cha pumzi. Itie kwenye tone safi la mikrolita 20. Iangalie: iko peke yake? Ichote tena, itie tone la pili. Mara tatu hadi tano. Kila tone unaloacha lichunguze, kwani tone la tatu likiwa bado lina bodo (flajelata mdogo wa kawaida) mmoja, kalcha yako haina maana. Kazi hii inachosha shingo, na asubuhi mkono hutetemeka kidogo zaidi ukinywa kahawa.

Ukishindwa kwa pipeti, zimua sampuli kwa ngazi, ukiongeza midia hatua kwa hatua. Tumia sahani ya visima 96. Punguza hadi kisima kitarajiwe kuwa na seli chini ya moja. Kama visima 29 kati ya 96 ndivyo vilivyoota, yaani asilimia 30, wastani wa seli kwa kisima ni takriban 0.36, na hesabu ya Poisson inasema katika visima vilivyoota, karibu asilimia 83 vilianza na seli moja. Vilivyobaki vilianza na mbili au zaidi. Ndiyo maana upunguzaji mmoja haukupi uhakika, bali rudia mara mbili. Kama visima 90 vimeota, usihesabu chochote hapo kuwa ni uzao wa seli moja.

Mlaji wa protisti mpe mawindo yanayoota vizuri, kwa mfano Procryptobia au bodo mwingine aliyesafishwa. Weka kalcha ya mawindo kando, isiyochanganywa kamwe na ya mlaji, na hamisha mlaji kwenda kwenye mawindo mapya kila siku 2 hadi 5, ukitia sehemu 1 kwa 10. Mwindaji akiwa mwingi kuliko mawindo, umechelewa.

Kusoma 18S

Jeni ya 18S ya rRNA (RNA ya ribosomu), yenye urefu wa takriban herufi 1,800 za DNA, ndiyo kitambulisho cha kwanza, kwa sababu kila yukarioti anayo na rejea zake ni nyingi. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) za kale za Medlin, za 1988, bado zinafanya kazi: EukA ni AACCTGGTTGATCCTGCCAGT, na EukB ni TGATCCTTCTGCAGGTTCACCTAC. Anza na nyuzijoto 95 kwa dakika 3, kisha mizunguko 35 ya 95 sekunde 30, 55 sekunde 30 na 72 dakika 2, na umalize na 72 kwa dakika 10.

Kuna matatizo mawili yanayojirudia. La kwanza: mawindo. Kama mlaji wako ni 1 kwa kila bodo 50, PCR inakuonyesha bodo. Suluhisho ni seli zilizochotwa kwa pipeti, 5 hadi 20, au DNA ya mawindo peke yake isomwe mapema ili uijue na uitoe. La pili: mkanda wenye urefu usiotarajiwa kwenye jeli. Baadhi ya vikundi, kama foraminifera na euglenidi, vina 18S ndefu, na wengine wana introni (vipande vilivyoingia katikati ya jeni) ndani yake. Mkanda wa 2,500 au 3,000 si lazima uwe uchafu. Ukate na uusome kabla hujautupa. Na kama hakuna mkanda kabisa, tumia PCR ya hatua mbili, ya pili ikiwa na praima zilizo ndani ya ile ya kwanza, ukiwa na kipimo hasi kisicho na DNA katika *kila* hatua. Kipimo hasi kikiwaka, tupa matokeo yote ya siku hiyo.

Mfuatano ukija, usikimbilie asilimia. Angalia kwanza kromatogramu, mchoro wa vilele vya herufi zilizosomwa: vilele viwili mahali pamoja huenda ni viumbe wawili. Kisha kata mfuatano vipande vitatu na ukitafute kila kimoja peke yake kwa BLAST (programu ya kulinganisha mifuatano) katika GenBank na katika PR2, hazina za mifuatano. Kama theluthi ya kwanza inafanana na siliata na ya mwisho na kuvu, hujagundua faila mpya. Una mfuatano chotara uliotengenezwa na PCR. Jibu likiwa "yukarioti asiyeoteshwa" kutoka tope la mbali, hiyo ni dalili njema: mtu alishaiona DNA yake, na sasa wewe una sura yake. Andika mazingira aliyotoka huyo.

Wengi huuliza ni asilimia ngapi inayotosha kusema ni mpya. Hakuna nambari inayofaa wote. Kuna spishi tofauti zenye 18S inayofanana kabisa, na kuna jamaa zilizo na tofauti kubwa ndani ya jenasi moja. Chini ya asilimia 90 na kila rejea kwa urefu wote wa jeni, hapo simama ukapime upya, maana ni ugunduzi mkubwa au ni kosa la kusoma, na kosa ndilo hutokea zaidi.

Njia ya kinyume pia ipo, kutoka DNA kwenda kwa seli. Picozoa walionekana kwanza kama mifuatano ya bahari, wakatangazwa 2007 kwa jina lililodai wana kloroplasti. Baadaye seli moja moja zikachunguzwa, kloroplasti haikuonekana, na spishi ya kwanza, Picomonas judraskeda, ikaelezwa 2013. Mwanga wa rangi peke yake haukutosha kuwa ushahidi wa kloroplasti.

Mti na mitego yake

Kusanya rejea 100 hadi 200 zenye kuwakilisha vikundi vikuu, si ndugu wa karibu peke yao. Zipangishe kwa programu ya MAFFT, toa sehemu zisizopangika kwa uhakika (mara nyingi unabaki na nafasi 1,200 hadi 1,500), kisha chora mti kwa IQ-TREE ukiachia programu ichague kielelezo cha mabadiliko. Kwa matawi, ultrafast bootstrap ya 95 na SH-aLRT ya 80 (vipimo viwili vya uungwaji wa tawi) ndiyo mipaka ya kuanza kuamini. Chini ya hapo, chora tawi likiwa wazi.

Mtego mkuu ni mvutano wa matawi marefu: viumbe wawili wanaobadilika haraka huvutwa pamoja hata kama hawana undugu. Vipimo vyake ni rahisi. Toa spishi yenye tawi refu zaidi na uchore upya. Kisha toa nafasi zinazobadilika haraka, kidogo kidogo. Kama kiumbe wako anahama kila unapotoa kitu, 18S haina jibu lake, na usimpe faila kwa ajili hiyo. Kwa matawi ya chini kabisa ya mti, jeni moja ni nyepesi mno. Hapo ndipo transkriptomu, yaani RNA za jeni zote zinazotumika katika seli, inapohitajika.

Kwa asiyeoteka, njia ya Smart-seq2 hutoa transkriptomu ya seli moja. Weka seli, ikiwa na maji kidogo kuliko mikrolita 0.5, ndani ya mikrolita 2 za bafa ya kuyeyusha, na ugandishe mara moja. Seli ngumu inahitaji kugandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa ili ipasuke. Soma seli 5 au zaidi tofauti, kwa sababu kila moja inakosa jeni tofauti. Kisha tumia programu ya PhyloFisher au mfumo wako kukusanya mamia ya protini zilizo katika kila ukoo. Kazi halisi si kuendesha programu. Kazi ni kukaa na mti wa kila jeni, mmoja mmoja, na kutoa protini za mawindo, za bakteria na za mirudio ya kale iliyojificha kama ya kiumbe wako. Ruka hatua hii na seti ya data itakuonyesha kwamba mwindaji ni ndugu wa chakula chake.

Sura za ndani ya seli zisimame pembeni ya mti huu, si chini yake. Malawimonas alielezwa akiwa na mikunjo ya mitokondria yenye umbo la kisahani, sifa iliyofikiriwa ni ya ukoo wa euglena na jamaa zake, lakini jeni hazikumpeleka huko. Mfereji wa tumboni nao wanao flajelata wa koo zilizoachana. Kwa hiyo hadubini ya elektroni ni ya kueleza kiumbe na kutenganisha spishi, na mizizi ya mijeledi ni ushahidi mzuri, ila haifuti mti wenye vipimo vyema. Osmiamu tetroksidi inayotumika kuihifadhi inatoa mvuke unaodhuru macho. Ifungue ndani ya kabati la hewa tu.

Kutoa jina

Kuna kanuni mbili, na lazima uchague. Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Zoolojia huwahudumia protozoa, na ile ya miani, kuvu na mimea huwahudumia miani. Kikundi kinachodaiwa na pande zote mbili, kama euglenidi, kinahitaji uangalie wenzake walishatajwa kwa kanuni gani. Upande wa zoolojia, spishi mpya inahitaji kielelezo rasmi kilichotajwa na mahali kilipowekwa, na andiko la mtandaoni lisajiliwe ZooBank (daftari rasmi la majina ya zoolojia) kabla halijatoka, tangu 2012. Kwa protozoa kielelezo kinaweza kuwa hapantotaipu, yaani slaidi moja au zaidi zenye seli zinazohusiana moja kwa moja. Upande wa miani, maelezo lazima yawe kwa Kilatini au Kiingereza, hivyo maelezo ya Kiswahili peke yake hayatoshi, na picha iliyochapishwa inaweza kusimama kama kielelezo iwapo seli haihifadhiki. Zoolojia hailazimishi lugha ya maelezo.

Kabla ya kuandika jina la jenasi, litafute kote. Kwa zoolojia, jina likishatumiwa na mende au konokono limekwisha. Maelezo ya kutofautisha yaandikwe kwa mistari michache inayomwambia msomaji jinsi ya kumtenga na jirani wake wa karibu, si hadithi nzima ya seli. Jina la familia liishie -idae upande wa zoolojia, -aceae upande wa miani.

Weka video kwenye hifadhi ya umma, mfuatano GenBank, slaidi makumbusho, na kalcha hai katika angalau hazina mbili. Kalcha inayoshikwa na mtu mmoja hufa na likizo yake. Kama inastahimili, gandisha sehemu ndani ya nitrojeni kimiminika ukitumia DMSO (kemikali ya kulinda seli zisipasuke kwa barafu) ya asilimia 5 hadi 10, na uyeyushe moja kwa jaribio kabla hujaiamini.

Halafu kuna wale wasiotoshea popote hata baada ya mamia ya jeni. Kwa hao ipo incertae sedis, yaani pasipojulikana. Andika hivyo katika maelezo, taja tawi walipokaribia na kwa uungwaji upi, na uache faila itolewe siku kalcha ya pili itakapopatikana.